Namba Yako Imo Katika Simu ya Mwenzako

Ujumbe unamfikia mtu ambaye hajakopa hata senti. Unamtaja mwingine kwa jina kamili, pengine mfanyakazi mwenzake wa zamani, pengine jirani ambaye hawajaonana tangu ahame mtaa. Unasema huyo ni mdaiwa sugu, na unamtaka aliyeupokea ambane alipe kabla ya jioni. Wakati mwingine huja na picha ya mdaiwa. Mpokeaji anabaki kujiuliza: hawa namba yangu wameitoa wapi? Tangu mikopo ya mtandaoni iliposhamiri Kenya, kisha Tanzania, swali hilo limezoeleka, na jibu lake ni fupi. Waliitoa katika simu ya aliyekopa, siku ile alipopakua programu yao, ikamuuliza kama anairuhusu isome orodha yake ya majina, naye akabonyeza "Ruhusu" kwa kuwa bila hivyo pesa hazitoki.

Karibu mjadala wetu wote wa faragha ya simu janja umejengwa juu ya mtu mmoja na simu yake. Aweke nywila ngumu. Asitaje namba ya siri. Asome masharti kabla ya kukubali, azime kitambua mahali, asifungue viungo asivyovijua. Ushauri huo si mbaya, ila unaruka sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Taarifa nyingi zilizomo kwenye simu yangu si zangu. Ni za walionipigia, walionitumia pesa, tuliopiga nao picha harusini, walionipa namba zao kwa kuniamini. Kitufe cha "Ruhusu" kinaniuliza mimi peke yangu, nami najibu kwa niaba ya mamia ya watu ambao hawajui kuwa wameulizwa.

Tuanze na orodha ya majina, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Watu huiona kama mkusanyiko wa namba tu, kumbe ni daftari la maelezo juu ya watu. Ni wachache wanaohifadhi jina na ukoo. Wengi wetu tunaandika Mama Neema Saluni, Juma Boda Stendi, Baba Mwenye Nyumba, Wakili wa Talaka, Mzee Deni la Saruji, Nesi CTC. Jina hilo la mwisho linasema jambo zito juu ya mwenye simu, kwa sababu kila Mtanzania anajua kwamba kliniki ya CTC inahudumia wanaoishi na VVU. Lile la kabla yake linasema jambo juu ya mzee ambaye hajui kama limeandikwa. Anayeisoma orodha nzima anaona ukoo, kazi, dini, maradhi na madeni bila kufungua ujumbe hata mmoja. Akiwa na orodha za wateja elfu kadhaa, mambo huzidi: namba moja huonekana katika simu hamsini ikiwa na maelezo hamsini, na mwenye namba hiyo huenda hajawahi kuipakua programu yenyewe, pengine hata simu janja hana.

Ujumbe mfupi nao uko hivyohivyo. Ukipokea fedha kwa M-Pesa, ujumbe unaoingia unataja kiasi, saa, salio lako, na jina la aliyetuma. Programu inayoruhusiwa kusoma ujumbe wangu inasoma pia kwamba dada yangu ananitumia pesa kila mwisho wa mwezi, na ni kiasi gani. Kusema kweli, uwazi huu haukuletwa na simu janja. Kabla yake tulikuwa na daftari la wakala, lenye jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kiasi na sahihi, huku mteja anayefuata akiyasoma yote akisubiri kalamu. Ila daftari lile lilibaki pale kibandani, na msomaji wake alichoka upesi.

Jinsi tulivyofika hapa ina mantiki yake. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, na katika miaka michache ikawa na kumbukumbu za mapato na matumizi ya watu ambao benki haikuwahi kuwajua. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, mkopo uliotolewa kwa kutazama mwenendo wa mteja ndani ya mfumo wenyewe wa simu. Kampuni za nje hazikuwa na mwenendo huo, kwa hiyo zikautafuta kwenye simu ya mteja. Programu ya Mkopo Rahisi, ambayo baadaye iliitwa Tala, iliingia Kenya mwaka 2014 ikiwa na wazo hilo: asiye na hati ya mshahara ana simu, na simu yake inaweza kumdhamini. Si wazo baya. Mama muuza mboga anayezungusha pesa kila siku anastahili kukopesheka kama karani wa serikali, na kwa wengi mlango wa kwanza wa mkopo usio na mdhamini wala hati ya kiwanja ulikuwa programu ya namna hii. Anayetaka mikopo hii ipigwe marufuku yote amsikilize kwanza mama huyo.

Lakini hoja ya kupima uwezo wa kulipa haifiki kwenye orodha ya majina. M-Shwari iliweza kukopesha bila kumjua mjomba wa mteja. Wakopeshaji wangeweza kudai, na baadhi wamedai, kwamba hata wingi na mpangilio wa majina husaidia kubashiri nani atalipa. Hata tukikubali, kubashiri hakuhitaji kuzihifadhi namba zenyewe, sembuse kuzipigia. Waliozihifadhi walizitaka kwa siku ya deni kuchelewa. Katika jamii zetu mtu anaweza kuvumilia riba kubwa, asivumilie bosi wake, mkwe wake na mwenyekiti wa kikundi chake wapate habari. Aibu ndiyo dhamana iliyokuwa inachukuliwa, na waliokabidhiwa kuileta ni watu wasiohusika na mkopo. Tanzania tulikuwa tayari na jina kali la mikopo ya mitaani inayomnyonya mtu, kausha damu. Ile ilimfuata mdaiwa nyumbani kwake. Hii ya mtandaoni inawafuata jamaa zake kwao.

Hapa inafaa kutazama watengeneza simu walifanya nini, kwa sababu sifa wanazozinadi kama ulinzi zina historia inayosema mengi. Hadi Android 6, mwaka 2015, programu ilitaja ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kusakinisha. Ukikataa moja, umeikosa programu nzima. Kuanzia hapo ruhusa ikaombwa mojamoja, wakati inapohitajika. Android 10 ikaleta uwezo wa kuruhusu mahali ulipo pale tu programu inapotumika, na Android 11 ruhusa ya mara moja. Mwaka 2021 Android 12 ikaongeza alama ya kijani pembeni mwa kioo kamera au maikrofoni inapofanya kazi, na uwezo wa kutoa eneo la kukadiria badala ya mahali penyewe. Apple walitangulia kwa mengine: tangu 2020 mwenye iPhone anaweza kuchagua picha chache za kuonyesha badala ya albamu yote, na Aprili 2021 wakalazimisha kila programu iombe kibali kabla ya kumfuatilia mtu kwenye programu na tovuti za wengine. Hatua hiyo Meta, wenye Facebook, walikadiria ingewapotezea takriban dola bilioni 10 za mapato mwaka 2022, kwa hiyo haikuwa pambo.

Lakini tazama mpangilio wa hatua hizo. Mahali nilipo pakakatwa vipande, picha zangu zikakatwa vipande, sauti yangu ikawekewa taa. Orodha ya majina ilibaki kuwa yote au hakuna kwa miaka mingi. Apple waliruhusu kuchagua majina ya kuipa programu Septemba 2024 tu, kwenye iOS 18. Kilichokuwa changu kililindwa mapema. Kilichokuwa cha wengine kikangoja. Sidhani kuna aliyepanga iwe hivyo. Mfumo unaomuuliza mwenye simu peke yake huboreshwa kwa malalamiko ya mwenye simu, na mwenye namba iliyomo ndani hana mahali pa kulalamikia.

Ulaya waliligusa hili kwa njia ya faini. Septemba 2021 msimamizi wa ulinzi wa data wa Ireland aliitoza WhatsApp euro milioni 225, na sehemu ya uamuzi wake ilihusu watu wasiotumia WhatsApp kabisa ambao namba zao zilikuwa zinapakiwa kutoka simu za wanaoitumia. Mfano mkubwa zaidi ni ule wa Cambridge Analytica, kampuni ya kampeni za siasa iliyotumia taarifa za watu wa Facebook. Watu wapatao 270,000 walisakinisha programu ya maswali ya kupima tabia kwenye Facebook. Kwa kuwa wakati ule programu iliweza kuchukua pia taarifa za marafiki, Facebook ilikuja kukiri mwaka 2018 kwamba huenda watu hadi milioni 87 waliguswa. Kwa wastani, kila aliyejibu maswali alifungua mlango wa wengine zaidi ya mia tatu. Sisi tulikuwamo: kiongozi mmoja wa Cambridge Analytica alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 ya Uingereza akijigamba kwa kazi walizomfanyia Uhuru Kenyatta katika chaguzi za 2013 na 2017.

Ukishaizoea hoja hii unaanza kuiona kila mahali. Simu inapotafuta mahali ilipo hutumia pia majina ya Wi-Fi zinazoizunguka, kwa hiyo mpita njia huisaidia Google kujua kisanduku cha intaneti cha nyumba yako kiko wapi. Asiyetaka hutakiwa kubadilisha jina la Wi-Fi yake limalizikie na _nomap, jambo ambalo sijaona likifanyika mtaa wowote. Kifuatiliaji vitu cha AirTag, kilichotoka 2021, huonekana kwenye ramani ya mwenyewe kwa sababu iPhone za watu baki huipokea ishara yake na kuipeleka kimyakimya, na baada ya visa vya kunyemeleana Apple na Google walilazimika kuweka tahadhari ya pamoja Mei 2024. Utambuzi wa nyuso kwenye picha ulifika mbali kiasi kwamba Facebook, ilipoamua kuuzima Novemba 2021, ilisema itafuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja.

Na ile hofu ya kila kijiwe, kwamba simu inatusikiliza? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, walichunguza programu za Android zaidi ya 17,000 wakatangaza mwaka 2018 kwamba hawakuona hata moja iliyowasha maikrofoni kisiri na kupeleka sauti. Waliona kingine: baadhi zilikuwa zinarekodi kioo na kuwatumia watu wengine. Tangazo la friji linalotokea baada ya mazungumzo ya friji lina maelezo rahisi zaidi. Mwenzako mliyeongea naye alikwenda kutafuta bei, na mitambo ya matangazo inajua mnatumia intaneti moja, au mmehifadhiana namba. Si lazima simu yako iwe na masikio ikiwa ya mwenzako inasema.

Kuna upande mwingine wa shilingi ambao ni wa kwetu hasa. Hapa kwetu faragha ya simu, kwa watu wengi, maana yake ni kujificha kwa aliye karibu: mume, mke, mama mkwe, bosi. Ndiyo sababu GB WhatsApp ilipendwa sana. Inaficha saa uliyoonekana mtandaoni, inazuia tiki za bluu, inakuonyesha ujumbe ambao mwenzako ameshaufuta. Lakini si programu ya WhatsApp wenyewe. Imetengenezwa na watu wasiojulikana na kusambazwa nje ya duka la Google. Kampuni ya usalama wa mitandao ya Kaspersky walikuta kirusi cha Triada ndani ya toleo la ndugu yake, FMWhatsApp, mwaka 2021, na mwaka 2023 wakakuta matoleo mengine ya namna hiyo yakiwa na programu ya kijasusi. Mtu anamficha mkewe tiki mbili, halafu anamkabidhi asiyemjua mazungumzo ya ukoo mzima. Na mkewe, ambaye hakusakinisha lolote, yumo ndani ya mazungumzo hayo.

Kwa simu za bei nafuu hata hicho kitufe cha kuuliza huenda kisiwepo. Agosti 2020 kampuni ya Upstream pamoja na BuzzFeed News walieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini, zilitoka kwenye boksi zikiwa na virusi vilivyowaunganisha wenye simu na huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion, mwenye Tecno, alimtupia lawama msambazaji ndani ya mnyororo wa utengenezaji. Hali ya kawaida zaidi ni kwamba simu hizi hupata maboresho machache au hazipati kabisa, kwa hiyo milango mipya ya Android huchelewa kufika pale ambapo mkopo wa haraka unahitajika zaidi.

Sheria tunazo. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 31, inamlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa bila sababu taarifa za familia yake na mambo yake binafsi, na kutajwa kwa familia hapo si bahati mbaya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaagiza katika kifungu cha 28 kwamba taarifa zikusanywe moja kwa moja kutoka kwa anayehusika, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Uganda ilipata sheria yake mwaka huohuo, Rwanda 2021. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, ikiwa na Tume yake.

Kenya imekwenda mbali zaidi katika utekelezaji. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, alitangaza faini tatu kwa pamoja. Kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa Sh2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba zilizotoka kwa watu wengine kutuma vitisho. Shule ya Roma ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu ya Casa Vera Sh1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Mkopeshaji, shule na klabu, wote wametiwa hatiani kwa jambo la aina moja: taarifa ya mtu iliyotumika na mwingine bila mwenyewe kuulizwa.

Udhaifu uko kwenye kiasi. Sheria ya Kenya inaweka kikomo cha shilingi milioni 5 au asilimia moja ya mapato ya mwaka, na kati ya hivyo viwili hutozwa kilicho kidogo. Ya Ulaya inasema euro milioni 20 au asilimia 4, kilicho kikubwa. Mkopeshaji anayejua kwamba aibu ya majirani inarudisha madeni anaweza kuipigia faini ya namna hiyo hesabu kama kodi ya pango.

Benki kuu zilipata meno zaidi. Kanuni za Kenya za wakopeshaji wa kidijitali za Machi 2022 zilikataza kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa, na Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2024 majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Hata hivyo pigo lililoufunga mlango wenyewe lilitoka California. Kuanzia Mei 31, 2023, Google ilikataza programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina, picha na mahali halisi alipo mtu. Inapendeza, na inaudhi kidogo, kwamba kanuni iliyomlinda mjomba wa mkopaji wa Mbagala iliandikwa na kampuni, si Bunge. Nayo ina mpaka wake: programu inayosambazwa kwa kiungo cha WhatsApp haipiti kwenye duka hilo.

Ndiyo maana nadhani ruhusa na mipangilio, hata zikiboreshwa, haziwezi kubeba jambo hili peke yake. Mkaguzi anapoingia ofisi ya mkopeshaji aanze na namba zilizomo kwenye mitambo yake, na kila moja iulizwe ilitoka kwa nani. Isiyo na jibu la kisheria ifutwe kabla faini haijazungumzwa, kwa kuwa faini huilipa kampuni ikabaki na orodha. Kufuta kunawezekana: Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute alama za macho na nyuso ilizowachukua Wakenya, ikaipa siku saba. Kwa alama za macho mahakama ilikuwa na kazi nyepesi, maana kila jicho lilikuwa na mwenyewe aliyesimama mbele ya kamera. Kwa orodha za majina itabidi amri iwaguse watu ambao kampuni haijawahi kuwaona, na Tume ya Tanzania, ambayo bado ni changa, inaweza kulizoea swali hilo mapema kuliko wenzake.